Mama Mizigo na Pikipiki ya Mtu Mmoja

Pale kiwandani ukimtaja kwa jina alilopewa na wazazi wake, watu wangekukodolea macho kana kwamba umemuulizia mgeni. Sema Mama Mizigo, hata mlinzi wa getini angekunyooshea kidole: "Panda ngazi zile za chuma, chumba cha mwisho. Ukisikia mtu anaimba peke yake na sauti haimtii, ndiye huyo."

Jina hilo hakulipata kwa kubeba, ingawa kubeba alibeba sana. Alilipata kwa kuchora. Aliingia katika kile chumba cha michoro akiwa msichana mwembamba, cheti cha chuo cha ufundi kikiwa ndani ya bahasha na viatu vya kuazima vikimbana vidole, na kazi aliyopewa siku hiyo ndiyo aliyozeeka nayo: kuchora fremu za pikipiki, yaani ile mifupa ya chuma inayoshika injini, magurudumu na mwanadamu. Pikipiki za kiwanda kile zilikuwa ndogo, za kazi. Watu walizifungia magunia, makreti ya soda, milango, vitanda, mbuzi, na familia nzima kuanzia baba hadi kitinda mimba. Pikipiki za wengine zilikatika kiuno. Za kwake hazikukatika. Fundi mmoja wa mtaani alizoea kusema kwamba ukiona fremu ya Mama Mizigo imekatika, ujue barabara ndiyo iliyokatika kwanza.

Naye alikuwa na sababu zake. Alikulia katika nyumba ambamo baiskeli ilihesabiwa kama ndugu. Baba yake alikuwa akipeleka mkaa kwa wateja, yeye akitembea nyuma kusukuma kwenye vilima, mikono juu ya gunia, kichwa chini. Utotoni mwake hakuona barabara, aliona gunia. Siku moja baiskeli ile ilikatika katikati ya mteremko, na baba yake akakaa kando ya njia akiitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa asiye na dawa. Tangu hapo binti yule hakuweza kuona kitu chenye magurudumu bila kujiuliza: hiki kikielemewa, kitavunjikia wapi? Wenzake waliota nguo na harusi, yeye akaota vyuma vinavyopinda na kurudi.

Harusi yenyewe ilikuja bila kuotwa. Aliolewa na mwokaji mikate, mtu wa maneno machache na vicheko vingi, ambaye Mungu alimjalia mikono ya dhahabu lakini akamnyima kabisa uwezo wa kuendesha chombo cha magurudumu mawili. Kwa hiyo mke ndiye aliyekuwa dereva. Kila asubuhi mume alipanda nyuma, trei za mikate zikapanda juu ya mume, na msafara ukaondoka ukinukia mtaa mzima. Ukitaka kujua ukweli, tangu utotoni hadi nywele zake zilipoanza kuwa na mvi, Mama Mizigo hakuwahi hata mara moja kuendesha chombo nyuma pakiwa patupu, maana hata mume akishashuka, trei tupu zilibaki. Wala hakuwahi kuliona hilo kuwa ni jambo. Samaki hajui kama amelowa.

Basi ikaja ile zama ambayo pikipiki za bei rahisi zilianza kuingia ndani ya makasha, zimekatwakatwa vipande kama nyama ya buchani, kazi iliyobaki ni kukaza nati tu. Mwanzilishi wa kiwanda alikuwa ameshafariki, na mwanawe ndiye aliyeshika funguo. Kijana huyo hakuwa mtu mbaya. Aliwaita wote wa chumba cha michoro, akasimama mbele yao akizungusha kalamu.

"Wazee wangu," akasema, "sitawaficha. Tukiendelea hivi, nitafunga chumba hiki. Tutapokea makasha, tutakaza nati, tutauza. Lakini kabla sijafunga, nawapa nafasi moja. Tengenezeni kitu ambacho hakiwezi kutoka kwenye kasha."

"Kama kitu gani, bosi?"

"Pikipiki kubwa. Injini kubwa, kiti kiko chini, usukani mpana, miguu mbele. Ya mtu kukaa kama yuko barazani kwake, barabara ndiyo inayompitia."

Mama Mizigo akauliza: "Ya kubeba nini?"

"Mtu."

"Mtu na nini?"

"Mtu na nafsi yake, mama!"

Watu wakaangua kicheko. Aliyecheka zaidi alikuwa mzee wa injini, ambaye wote walimwita Ngurumo kwa sababu hata salamu yake ilitikisa vikombe. "Mzoea punda hapandi farasi," akamwambia. "Huyu mama ukimchorea kitanda atauliza kinabeba magunia mangapi."

"Nyamaza wewe mzee wa masizi. Kitanda chako wewe nilipaswa kukichora mimi, maana kwa kukoroma huko kitakuwa kimeshalegea misumari."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza, kwa matusi ya mapenzi, kama kazi nyingi njema.

Ngurumo alikuwa ameisubiri siku hiyo maisha yake yote. Alichora injini ya silinda mbili kubwa, kila moja ungeweza kutumbukiza ngumi na usiguse ukuta, zimeegemea huku na huku kama mume na mke walionuniana. Akawaeleza wenzake kwamba injini kubwa si ya kukimbilia. Injini kubwa ni ya kutochoka. "Injini ndogo kwenye kilima ni kama mtu mwembamba aliyebebeshwa friji, anahema, anatoka jasho, anaomba gia nyingine. Hii ikifika kwenye kilima haitaulizwa kitu. Itapanda huku inazungumza."

Lakini pistoni mbili kubwa zikipanda na kushuka hutikisa kila kitu hadi meno ya mpandaji. Ngurumo akaweka ndani ya injini mhimili mwingine wenye uzito upande mmoja, unaozunguka kinyume, ili pistoni zikisukuma huku, wenyewe uvute kule, ugomvi uishie ndani kwa ndani. Alipowasha mara ya kwanza, injini ikasimama juu ya meza ya chuma imetulia, ungeweza kuisimamishia sarafu.

Mama Mizigo akaweka kiganja juu yake. "Umeiua," akasema.

"Nimeiua? Nimeituliza!"

"Imetulia mno. Mtu akikaa juu ya mnyama anataka kujua kwamba mnyama anapumua. Rudisha kidogo."

Ngurumo akanuna hadi chakula cha mchana, kisha akapunguza ule uzito. Injini ikapata mapigo ya chini, mazito, yaliyopanda kifuani kuliko masikioni. Tangu siku hiyo akawa anawasimulia wageni kwamba wazo lilikuwa lake.

Fremu ikawa ndefu na ya chini, mirija minene iliyokumbatia injini kama mtu anayebeba mtoto mchanga. Gurudumu la mbele likasogezwa mbali ili chombo kiende moja kwa moja bila wasiwasi, na injini ikateremshwa hadi karibu na ardhi, maana uzito wote ule, ambao haukuwa mbali na wa ng'ombe, ukiwa juu humwangusha mtu akisimama tu kwenye taa za barabarani. Bomba la moshi la silinda ya nyuma lilikuwa likichoma paja. Likapitishwa chini, likafunikwa kwa bati lenye matundu. Kila kitu kilisogea, na kila kilichosogea kilidai kingine kisogee.

Tangi la mafuta ndilo lililomshinda Mama Mizigo. Alilifinyanga kwa udongo, kama ilivyo desturi, ukubwa uleule litakaokuwa nao. Likawa sawa kwa vipimo na baya kwa macho, na hakujua kwa nini. Siku moja mumewe alimletea chakula kazini, akalikuta lile tangi la udongo juu ya meza. Akajifuta mikono kwenye suruali, akalipapasa.

"Mke wangu, hili halijaumuka."

"Nini?"

"Ni kama mkate uliowahishwa ndani ya tanuri. Hapa mbele paache pavimbe, pashibe, halafu hapa nyuma pabonyee palipo na magoti. Mkate mzuri unajulikana kwa mabega." Akabonyeza kwa vidole gumba vyake viwili, taratibu, kama anavyofanya alfajiri zote za Mungu. Alipomaliza, chumba kizima kilikuwa kimesimama kutazama. Mama Mizigo hakubadilisha kitu. Alichukua vipimo vya vidole vya mumewe, akavichora.

Sasa hapa ndipo penye kisa chenyewe, na ili kieleweke ni lazima msomaji awajue Bibi na Babu.

Bibi na Babu walikuwa mifuko miwili ya turubai iliyojazwa mchanga, kila mmoja uzito wa mtu mzima. Mwanzilishi wa kiwanda ndiye aliyeweka sheria: pikipiki yoyote haiendi barabarani kujaribiwa bila mifuko ile kufungwa nyuma, kwa sababu, alisema, hakuna mtu katika nchi hii anayenunua pikipiki ili aende peke yake. Ilikuwa sheria ya busara. Kwa miaka mingi hakuna aliyeihoji, kama vile hakuna anayehoji kwa nini mlango unafunguliwa kwa kitasa. Mmoja wa mifuko alishonwa kiraka chekundu, ndiye Bibi. Mpanda-majaribio wa kiwanda, kijana mmoja mwembamba mwenye mdomo usiofungwa, aliyeitwa Kasi, alikuwa akiwaamkia kila asubuhi kabla ya kuwafunga kamba: "Shikamooni wazee. Leo tunakwenda wapi?" Kisha anajijibu kwa sauti ya kizee: "Popote mjukuu wetu, ila usitumwage."

Kasi huyo alikuwa mdogo wake mwokaji, yaani shemeji yake Mama Mizigo, na utani wao ulikuwa haukauki.

Pikipiki kubwa ilipokamilika, nyeusi, tangi limeshiba, Kasi akawafunga Bibi na Babu nyuma kama kawaida akaondoka. Alirudi mchana akipiga kelele tangu getini. "Shemeji! Hii si pikipiki, hii ni kochi! Mashimo yote ya barabara ya kiwanda cha saruji sijayaona! Bibi amelala njia nzima!" Wakaijaribu tena, na tena, kwenye mawe, kwenye mvua, kwenye kilima, Bibi na Babu wakiwa nyuma. Safari zote ilielea. Mama Mizigo mwenyewe ndiye aliyechagua springi za nyuma, nene na imara, kwa mkono uleule uliochagua springi zote za kiwanda. Watu wakampongeza. Bosi akamwalika wakala mkubwa wa pikipiki, mwenye maduka katika miji mingi, aje kuiona na kuipanda. Akiichukua, chumba cha michoro kitaishi. Akiikataa, makasha yataanza kushushwa.

Zikiwa zimebaki siku chache mgeni afike, kiti kikavalishwa ngozi mpya. Bosi akamtuma Kasi azunguke nayo kidogo, injini izoee, akaonya: "Wazee wako wa mchanga wabaki. Wasiniharibie ngozi."

Jioni ile Kasi alikwenda kula kwa kaka yake kama kawaida yake. Mama Mizigo akamsogezea kiti.

"Kaa, shemeji."

"Nimesimama vizuri."

"Kiti kimekukosea nini?"

"Hakijanikosea. Nina jipu."

Mwokaji akainua kichwa kutoka kwenye sahani. "Jipu limeota leo mchana?"

"Majipu hayana ratiba, kaka."

"Na pikipiki ilikwendaje?" akauliza Mama Mizigo.

"Nzuri."

Hapo ndipo alipojua. Kasi hajawahi kujibu swali lolote kwa neno moja tangu azaliwe. Hata kwenye harusi yao, alipoambiwa aseme machache, ilibidi wazime kipaza sauti. Mama Mizigo akaweka kijiko chini.

"Wewe mtoto wa mama mkwe wangu, niambie kweli. Ulipanda na nani?"

"Peke yangu. Bosi alisema wazee wabaki."

"Enhe?"

Kasi akatazama sakafu. "Inapiga mateke, shemeji. Penye lami laini, malaika. Ikikuta shimo, hata kajiwe tu, inanirusha juu. Mimi nashuka wakati yenyewe ndiyo inapanda, tunakutana njiani. Nilidhani ni tairi limejaa upepo, nikapunguza. Bado. Nikasimama, nikaweka mawe nyuma. Ikaelea."

"Na ulikuwa unanificha?"

"Ningemwambia nani? Kila mtu ameshashangilia. Na ni mgongo wa pikipiki uliouchora wewe. Niende sokoni nikatangaze kwamba mgongo wa Mama Mizigo ni mgumu? Wangenipiga."

Mwokaji alitaka kucheka, akaangalia uso wa mkewe, akaacha.

Asubuhi yake, mume akaambiwa atafute mtu mwingine wa kumpeleka na mikate. Mama Mizigo alikwenda kiwandani moja kwa moja, akaitoa ile pikipiki, akaondoka peke yake. Pale getini palikuwa na mfereji uliofunikwa kwa zege, wenye kingo mbili zilizoinuka. Ukingo wa kwanza ulimwinua kwenye kiti. Wa pili ukampokea vibaya, uti wa mgongo wote ukalia. Kasi hakuwa ametia chumvi. Kila shimo lilimfikia kana kwamba hakuna kitu katikati, na kweli hakikuwepo, kwa sababu springi zile zilikuwa zimesimama pale zikiwasubiri watu wawili wa mchanga kabla hazijakubali kufanya kazi.

Lakini baada ya mitaa ya viwanda barabara ilikuwa imetiwa lami mpya. Alipoifikia, kelele zote zikaisha. Injini ikawa inapiga mapigo yake chini kabisa, upepo ukapita pande zote za kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe na mama yake hapakuwa na mtu wa kumuuliza nyuma yake kama yuko salama, hapakuwa na trei za kuchungulia, hapakuwa na kitu cha kufikisha popote. Barabara ilikuwa mbele, pana. Alipita njia panda ya kurudi bila kugeuka. Akapita na ya pili. Aliposimama hatimaye, mahali pasipo na duka wala nyumba, alishangaa kujikuta anacheka peke yake kama mwendawazimu. Ndipo alipokielewa kitu walichokuwa wakikitengeneza muda wote ule. Akaelewa pia kwamba hakuwa amekitengeneza. Alikuwa ametengeneza punda mkubwa kuliko wote.

Alipowaeleza wenzake, Ngurumo akakuna kidevu. "Si jambo la kutunyima usingizi. Tunatia vipande vya chuma ndani ya mabegi mawili, tunayafunga pembeni. Itatulia. Mgeni atajua nini?"

Usidhani wazo lile halikumwingia. Lilimwingia, likakaa. Mgeni alikuwa anakuja keshokutwa, meza zile za kuchorea zilikuwa zake na za wenzake, na nusu yao walikuwa wazee wasioweza kwenda kuanza popote.

"Na atakayeinunua," akauliza, "tumpe na vyuma vyake? Tumwambie ukienda kumtembelea mchumba usisahau mzigo wako?"

"Mama, tupite kwanza hapa. Mengine tutarekebisha."

"Mficha maradhi, Ngurumo."

"Najua, najua, kifo humuumbua. Lakini kifo chenyewe kinakuja keshokutwa kimevaa tai!"

Mama Mizigo akashuka zile ngazi za chuma, akaenda kwa bosi, akamwambia yote, bila kumtaja Kasi wala mtu mwingine. Bosi aliketi.

"Mama, si ulisema iko tayari?"

"Nilisema, mwanangu. Ilikuwa tayari kwa Bibi na Babu. Kwa mtu bado. Kosa ni langu, springi nilichagua mimi."

"Nimwambie mgeni asije?"

"Aje. Ila asipoikuta imekaa kwenye magurudumu, mpe chai mpaka ikae."

Kulainisha springi ni kazi rahisi. Weka nyembamba, mtu mmoja atastarehe. Lakini akipanda wa pili nyuma yake, springi italala yote, chuma kitagonga chuma, na siku moja fremu itakatika. Hilo Mama Mizigo hakuwa tayari kulifanya hata kwa ajili ya mawakala kumi. Alitaka kitu kimoja chenye tabia mbili, upole kwa mmoja na ushupavu kwa wawili. Akakaa mezani, akachora springi ambayo mizunguko yake haikulingana. Upande mmoja imebanana karibu karibu, upande mwingine imeachana. Akija mtu mwepesi, iliyobanana ndiyo inayokubali, inabonyea bila ubishi. Uzito ukizidi, ile iliyobanana inalala, inagusana, imemaliza kazi yake, na ile iliyoachana ndiyo inayosimama kushika mzigo. Akazilaza pia springi zile mshazari zaidi, ili mwanzo wa mwendo wake uwe laini.

Karatasi haibishi, moto ndio unaobisha. Walipasha chuma, wakakizungusha kwenye mhimili, na ya kwanza ikapasuka ilipotumbukizwa kwenye mafuta kupozwa. Ngurumo, aliyekuwa ameapa kwamba hatagusa upuuzi ule, ndiye aliyevua shati na kushika koleo. "Kaza moto pole pole, mama, hii si maandazi!" "Nani kakuambia maandazi yanataka haraka?" akamjibu Mama Mizigo. " Mkeo mpishi ulimuoa bure." Ya pili ikakubali, na ya tatu ikawa pacha wake.

Kasi akaipanda peke yake. Akaipanda na Babu. Akaipanda na wazee wote wawili. Safari ya mwisho aliporudi hakusema kitu, alizima injini tu, akabaki amekaa kitini, mikono kifuani, miguu mbele, akakataa kushuka. Mama Mizigo alitazama jinsi alivyokaa, akaona hilo linamtosha.

Wakala alikuja na tai kweli, mtu mfupi, makini, mwenye tabia ya kugonga kila kitu kwa ukucha. Alikuja na mkewe, mama mmoja mwenye mwili wa heshima na miwani ya jua, ambaye alikaa kwenye kiti alicholetewa, akatangaza kwamba yeye pikipiki hazimhusu. Wakala akagonga tangi, akagonga bomba, akauliza maswali, akapanda. Akavuka mfereji wa getini. Mama Mizigo hakutazama kichwa cha mgeni. Alitazama gurudumu la nyuma. Likapanda ukingo, likashuka, likapanda, na mgongo wa mgeni ukabaki umenyooka kama wa mtu aliyeketi sebuleni.

Aliambiwa azunguke ukuta wa kiwanda arudi. Hakurudi. Chai ikapoa. Bosi akaanza kuzungusha kalamu. Kasi akanong'ona, "Labda ameiiba," akapigwa kiwiko. Mke wa wakala ndiye pekee aliyekuwa hana wasiwasi. "Mume wangu hajawahi kupotea," akasema. "Hana ubunifu huo."

Hatimaye ule mngurumo wa chini ukasikika kutoka mbali, na wakala akaingia, tai imekwenda begani, nywele zimesimama. Alizima injini, akairudisha tai kifuani.

"Nilitaka kugeuza pale njia panda," akasema kama mtu anayejitetea. "Sijui ikawaje."

Hapo mkewe akasimama, akavua miwani. "Na mimi," akasema.

"Mke wangu, si ulisema..."

"Nilisema hazinihusu. Sasa zinanihusu. Sogea mbele."

Ngurumo akamtazama Mama Mizigo, na macho yake yakasema jambo ambalo mdomo usingethubutu kulisema kuhusu mwili wa mgeni. Mke wa wakala akapanda, springi zikashuka, zikashuka tena, na Mama Mizigo akaiona ile mizunguko iliyobanana inagusana mmoja baada ya mwingine. Wakafika kwenye mfereji. Alisikiliza chuma kigonge chuma. Ukingo wa kwanza. Ukingo wa pili. Hakusikia kitu ila kicheko cha mwanamke kikiondoka zake barabarani.

"Yesu na Maria," akasema Ngurumo, ambaye si wa dini hiyo.

Waliporudi, wakala aliingia ofisini na bosi, mlango ukafungwa. Haukufungwa kwa muda mrefu. Bosi alipotoka alikuwa anajaribu kuwa na uso wa kawaida na hawezi. Aliwakuta watu wa chumba cha michoro wamesimama pamoja kama familia inayosubiri daktari.

"Meza zenu zibaki zilipo," akasema. "Pikipiki hii ameichukua. Na amesema anataka na ndugu yake wa kati, asiye mkubwa sana." Kisha, kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake, akamshika Mama Mizigo mabega yote mawili, akayaachia.

Kasi akapiga ukelele. Ngurumo akaanza kumweleza wakala jinsi alivyopata wazo la ile springi. Lakini mke wa wakala alikuwa bado amekaa juu ya pikipiki, sehemu ya nyuma, amekunja uso.

"Nani amechora hapa nyuma?" akauliza. "Kila kitu kizuri, ila mtu hana pa kuegemea. Nimemshikilia huyu bwana kiuno kama tumekutana jana."

Vidole vyote vikamwelekea mtu mmoja. Mama Mizigo akachomoa penseli kwenye nywele, akasogea.

"Ni mimi, dada. Usishuke kwanza. Kaa vizuri, ujilegeze, nikupime mgongo."